Likizo Mafia kwa ngalawa: mwongozo kamili wa kupanga siku, maji na upepo

Kila mwaka napokea maswali yaleyale kutoka kwa watu waliorudi kutoka kisiwa cha Mafia, Tanzania, wamenuna. Fungu la mchanga waliloliona kwenye picha lilikuwa chini ya maji. Papa potwe, wale papa wakubwa wenye madoadoa, hawakuonekana. Chombo kilikaa juu ya tope nusu siku. Kivuko hakikuondoka kwa sababu ya upepo, na kazini walitakiwa Jumatatu.

Kosa lao karibu kila mara ni moja. Walianza na tarehe za likizo, wakafuata bei ya chumba, halafu wakaitarajia bahari iwangoje. Mafia hupangwa kinyume chake: kwanza msimu wa upepo, pili umri wa mwezi, na likizo inakuja mwisho. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo, na ukiruka mbili za mwanzo zilizobaki hazitakusaidia sana.

Vitu vya kuandaa kabla ya yote

Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo. Ya Kiislamu inatosha, na nyumba nyingi za Pwani inaning'inia ukutani.

Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam. Mafia haiko mbali, kwa hiyo saa zake zinakaribiana sana.

Begi laini lisilozidi kilo 15 kama utapanda ndege. Ndege za Mafia ni ndogo, na sanduku gumu la magurudumu huleta mabishano uwanjani.

Ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Imenitumikia kuliko mifuko yote ya bei mbaya niliyowahi kununua. Simu, fedha, dawa na shati kavu huingia humo.

Viatu vya plastiki vinavyofungwa nyuma. Kandambili hubaki kwenye tope. Ukienda peku utakanyaga wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na siku mbili zitaishia kitandani.

Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, miwani ya kuogelea na mrija wake, na tochi ya mwanga mwekundu. Kama huna ya namna hiyo, funika kioo cha tochi ya kawaida kwa plastiki nyekundu.

Kanga au kikoi viwili. Cha kwanza ni cha kujifunika jua na upepo chomboni. Cha pili ni cha kupitia kijijini, kwa sababu wenyeji wengi ni Waislamu na nguo za kuogelea mwisho wake ni ufukweni.

Fedha taslimu za kutosha siku zote. Mawakala wa simu wapo Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, lakini nahodha aliye Chole, kisiwa kidogo cha jirani, hawezi kukungoja urudi kutoka kwa wakala.

Hatua ya 1: Chagua msimu kulingana na unachotaka kuona

Huwezi kupata kila kitu katika safari moja, kwa hiyo amua mapema.

Papa potwe huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi, upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, na Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya kuaminika. Wanafuata chakula, yaani viumbe wadogo kama uduvi wanaojazana karibu na uso wa maji. Ndiyo maana huwaoni mahali pamoja kila siku. Chakula kikihama, nao wanahama.

Watoto wa kasa hutoka viotani hasa kati ya Juni na Septemba, na Juani, kisiwa kingine cha jirani, ndicho kinachojulikana kwa hilo. Nyangumi hupita nje ya kisiwa karibu na kipindi hichohicho, kuanzia Julai, na Oktoba wanakuwa wakiondoka.

Sasa weka upepo juu ya hayo. Kusi, upepo wa kusini, huvuma tangu Aprili hadi Septemba, na Juni, Julai na Agosti ndipo linapokuwa na nguvu. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Ni upepo wa joto, na mara nyingi hutabirika. Katikati kuna maleleji, wakati upepo unapobadilika na bahari kutulia. Masika, hasa Aprili na Mei, usiende. Mvua ni nyingi, baadhi ya hoteli hufunga, na hatari si mvua peke yake: Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, wakati ambao wengi huhesabu vimbunga kuwa habari za Msumbiji na Madagaska.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia Oktoba. Kusi limechoka, potwe wameanza kufika, na wageni bado ni wachache. Anayemtaka potwe kwa gharama yoyote aende Desemba au Januari, avumilie joto.

Hatua hii imekamilika ukiweza kutaja mnyama mmoja unayemfuata na upepo utakaoukuta. Kama bado unasema "tutaona tukifika," usilipe chochote kwanza.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa umri wa mwezi

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo soma polepole.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua. Yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na mkondo unalegea.

Siku za bamvua kwenye pwani yetu maji hujaa kama saa kumi na robo, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne na nusu asubuhi. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50 hivi. Ni hesabu ya makadirio, lakini itakuokoa hata ukiwa huna intaneti. Jedwali la bandari litakupa dakika kamili.

Kwa nini ujisumbue na hesabu hii? Kwa sababu kila shughuli ina maji yake. Fungu la mchanga hutokeza maji yakipwa, na hutokeza vizuri siku za bamvua. Kuogelea kwenye matumbawe ya ghuba ya Chole kunataka maji mafu, maana mkondo unaoingia na kutoka kwenye mlango wa Kinasi, njia ya maji ya kutokea bahari kuu, siku za bamvua humchosha hata mwogeleaji hodari, na mchanga unaopeperushwa huyatia maji ukungu. Kufika magofu ya Kua, kisiwani Juani, kwa chombo kunataka maji yaliyojaa. Kuwaona popo wa Chole magharibi kunataka maji ya kutosha kukurudisha gizani hadi Utende, kijiji kilicho ng'ambo ya Chole.

Ratiba ninayoipenda ni kufika tarehe 2 ya mwezi mwandamo na kuondoka tarehe 8, au tarehe 16 hadi 22. Siku mbili za mwanzo, maji yanajaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, ambayo ndiyo saa ya popo. Siku hizohizo fungu liko wazi karibu na saa tano au saa sita mchana. Kuanzia siku ya tano maji yanaelekea kuwa mafu na yanajaa asubuhi, unakwenda kuogelea kwenye matumbawe baada ya chai.

Safari yangu ya kwanza sikuyajua haya. Tulikwenda Juani siku ya bamvua, tukafika asubuhi mapema, tukazubaa kwenye magofu. Tuliporudi saa tatu mashua imelala ubavu juu ya tope kama ng'ombe. Tulikaa pale mpaka saa saba mchana, wanne, na chupa moja ya maji. Nahodha hakuwa na kosa, alikuwa ametuita mara mbili.

Hatua ya 3: Kufika, na siku ya akiba

Njia ni mbili. Ndege kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa na kutua Kilindoni. Kivuko huondoka Nyamisati, wilaya ya Kibiti: kutoka Dar unapita Mkuranga, ukifika Bungu unaacha barabara kuu kuelekea baharini.

Kivuko ni nafuu sana na mandhari ya midomo ya Rufiji ni ya kupendeza, ila ratiba yake hutegemea hali ya bahari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usishangae safari ikiahirishwa. Usigombane na mkata tiketi. Piga simu siku moja kabla, na asubuhi ya safari piga tena.

Weka siku moja ya akiba mwishoni. Kama una ndege ya kwenda nje ya nchi, weka mbili.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 15 za lami. Daladala, bajaji na bodaboda zote zinakwenda. Utende ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Ada hulipwa hapo, na ya raia hailingani na ya mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Tunza risiti. Utaulizwa tena ukiwa ndani ya chombo, mahali ambapo hakuna pa kwenda kuitafuta.

Hatua ya 4: Kukodi chombo

Usikodi kwa simu kutoka Dar kwa mtu usiyemjua. Fika, lala, asubuhi tembea ufukweni uone vyombo kwa macho yako.

Ngalawa ni nyembamba, ina mirengu, yaani miti ya kuisawazisha, pande zote mbili, inapita kwenye maji machache na inafaa watu wawili au watatu wasioogopa kulowana. Mashua ni pana zaidi, mara nyingi ina injini ya akiba, na inafaa familia. Kwa potwe, kodi mashua yenye injini. Kwa kuzunguka ghuba ya Chole bila haraka, chukua ngalawa, na utaelewa kwa nini watu hukaa kimya wakiwa juu yake.

Kagua haya kabla ya kutaja bei:

- Maboya ya kujiokoa: hesabu, lazima yalingane na vichwa. Vaa moja uone kama mikanda inafunga.
- Namba ya usajili ubavuni.
- Nanga na kamba yake. Kamba iwe ndefu na isiwe imechanika nyuzi.
- Upo wa kufulia maji, yaani kuyatoa yakiingia chomboni. Dumu lililokatwa ni sawa. Chombo kisicho na kitu cha kufulia maji, kiache.
- Kamba ya demani, inayovuta pembe ya tanga, na ile ya kutwekea tanga. Viraka kwenye tanga si tatizo, kamba iliyolika ni tatizo.
- Makasia mawili, hata kama kuna injini.

Kisha zungumza na nahodha. Salimu kwanza, kama ni mtu mzima anza na shikamoo. Halafu uliza, "Mzee, kesho maji yanajaa saa ngapi?" Nahodha wa kweli hajibu kwa kuangalia simu. Atakwambia saa, atakwambia na upepo wa asubuhi utatoka wapi, na pengine atakuuliza wewe unataka nini huko. Uliza pia, "Upepo ukiwa mkali tutafanyaje?" Jibu unalolitaka ni "Tutarudi" au "Hatutatoka." Akisema hakuna shida, shukuru uendelee kutembea.

Bei ikubaliwe pamoja na yaliyomo ndani yake: mafuta, chakula, muda wa kungoja, watu wangapi. Toa sehemu, salio mkirudi. Ijumaa usipange kuondoka kati ya saa sita na saa nane mchana, ni wakati wa swala. Mwezi wa Ramadhani beba chakula chako mwenyewe na ule kwa staha.

Hatua ya 5: Siku ya kutweka tanga

Ondoka asubuhi. Upepo wa mchana, hasa wakati wa kusi, huwa na nguvu kuliko wa saa moja asubuhi, na nahodha atalazimika kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, kurudi wakati nyote mmechoka.

Kama hutapika kirahisi, kunywa chai ya tangawizi na kula mkate mkavu. Kama unatapika, meza dawa saa nzima kabla, maana ukishaanza kuzunguka kichwa imechelewa. Kaa karibu na mlingoti ambako mtikisiko ni mdogo, na tazama nchi kavu kwa mbali. Usitazame simu.

Keti upande upepo unakotoka, isipokuwa nahodha akikuhamisha. Ninyi abiria ndio uzito wa kusawazisha chombo, na akisema "hamia huku" anataka mhame mara moja, si baada ya picha. Wakati wa kupindua tanga, foromali, mti unaobeba tanga, inahamishwa kutoka upande mmoja wa mlingoti kwenda mwingine na kamba zinalegea kwa kishindo. Inama, mikono ndani, na usishike kamba yoyote usiyoambiwa uishike.

Dalili za kurudi ni rahisi kuzijifunza. Wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka kama mstari. Upepo kukatika ghafla, na baada ya hapo baridi. Maji ya mbali kupiga weusi huku ya karibu yakiwa bado yanang'aa. Ukiona mawili kati ya hayo, mwambie nahodha. Yeye atakuwa ameshaona, lakini kuna manahodha wanaosita kuwakatisha wageni furaha, na neno lako linamrahisishia. Atatua tanga, mtavaa maboya, mtakaa chini. Mvua za vuli hupita upesi. Mkitulia, baada ya muda mfupi mnatweka tena na jua linawaka kana kwamba hapakuwa na kitu.

Hatua ya 6: Wanyama, kila mmoja kwa adabu yake

Papa potwe. Toka Kilindoni mapema, bahari ikiwa bado laini. Usiruke majini, teleza kimya ubavuni mwa chombo. Kaa mita 3 kutoka ubavu wake na mita 4 kutoka mkia. Mkia ndio unaoumiza, na hafanyi makusudi. Usimguse, usitumie taa ya kamera, usimzibie njia. Wengi wa Mafia hawajakomaa, na bado ni wakubwa kuliko ngalawa nyingi. Ukimkimbiza atazama na humwoni tena. Ukielea mahali pamoja, mara nyingi anageuka na kupita tena akiwa amefungua kinywa. Hapo ndipo utajua umefanya sawasawa: yeye ndiye amekuja kwako.

Watoto wa kasa. Nenda na waangalizi wa viota wa Juani, usiende peke yako. Wao huhesabu siku tangu mayai yafukiwe, kama 50 hadi 60, na hukwambia ni kiota gani kiko tayari. Simama nyuma ya kiota, usikae kati yake na maji. Usiwabebe kuwapeleka baharini hata wakikuhuzunisha kwa uchovu. Taa nyeupe huwapoteza njia, na ndiyo sababu ya ile tochi nyekundu.

Popo wa Chole. Hawa ni popo wakubwa walao matunda, jamaa wa wale wa Komoro, wananing'inia mchana kutwa kwenye miti mirefu. Fika saa kumi na moja jioni, kaa chini. Usipige makofi kuwarusha. Jua likizama wataondoka wenyewe kuvuka kwenda kisiwa kikubwa, na utawasikia kabla ya kuwaona. Mwambie nahodha mapema kwamba mnarudi usiku, na chombo kiwe na taa.

Kwenye tope na maji ya magoti, buruta miguu badala ya kuinua. Samaki aitwaye taa hulala chini ya mchanga, akisikia mtikisiko anaondoka. Ukimkanyaga anakuchoma kwa mwiba wa mkiani. Ikitokea, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, na nenda hospitali Kilindoni siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Siku ambayo hutoki

Itakuwepo, na uipange. Kama upepo umegoma, chukua bajaji uzunguke ndani ya kisiwa. Mafia ina viboko kwenye mabwawa yake, jambo ambalo wageni wengi hawaliamini mpaka waone nyayo. Wenyeji watakwambia ni bwawa gani na saa gani. Usisogee ukingoni jioni.

Au kaa tu. Nunua samaki asubuhi vyombo vinapoingia, umpatie mama mmoja wa Utende akupikie kwa nazi na umlipe vizuri. Mchana lala. Ukiamka, nenda ufukweni ukaangalie maji yamefika wapi na uyalinganishe na hesabu yako ya dakika 50. Ikikubali, kesho wewe ndiye utakayemwambia nahodha mwondoke saa ngapi, naye aidha atatikisa kichwa kukubali, au atacheka na kukusahihisha kwa robo saa.